Tulivyohamisha Ziwa Tanganyika

Ninyi mnaobonyeza kitufe na karatasi ikatoka upande wa pili ikiwa na joto kama chapati, sina ugomvi nanyi. Mwaka huu mimi mwenyewe nimeingia kwenye duka moja hapa Tunduma kutoa nakala ya cheti changu cha kidato cha nne, na nikasimama mbele ya mashine ile nikiitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza aliye mzuri kuliko yeye. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, nataka tu kuona o zake zinatokaje. Akanitazama kwa huruma, akanivutia kiti.

O zilitoka safi zote, kila moja na tundu lake katikati. Hapo nikajua kazi yangu imekwisha duniani, na nikaamua kuwaandikia kabla sijahama tena. Maana mimi ni mtu wa kuhama. Nimepiga chapa Sumbawanga, Kigoma, Tabora na Songea, na kila mji nilikaa mpaka nilipoanza kutambua jirani anapika nini kwa harufu tu, kisha nikafunga sanduku. Nina miaka arobaini na saba. Macho yamestaafu kabla yangu. Na katika miji yote hiyo ninaouota ni mmoja, ule wa kwanza, Sumbawanga, wenye baridi ya kukunja vidole.

Acha niwaeleze habari ya o, maana bila o hamtanielewa.

Sisi tulichapa kwa stensili. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaipachika kwenye taipureta, unaondoa utepe wa wino ili chuma cha herufi kiigonge nta yenyewe. Kila herufi inaacha mchano, na stensili ikivishwa kwenye mashine ya kudurufu, wino unapenya kwenye ile michano na kutua kwenye karatasi. Unazungusha mkono wa mashine, karatasi inatoka. Unazungusha tena, inatoka nyingine. Ni rahisi, ila ukiipiga o kwa nguvu, chuma kinakata duara zima, kitovu chake kinadondoka, na badala ya o unapata tone jeusi la wino. Sasa niambieni, kuna lugha gani yenye o nyingi kama Kiswahili? Mtoto, moto, mto, joto, soko, kiboko. Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka ambao sikuwa nimefikisha hata miaka ishirini na mitatu, nilipiga ukurasa mzima, nikauchapa, nikampelekea Mzee Katepa kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka zawadi. Ulionekana kama umenyeshewa.

Mzee Katepa ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana yetu. Alikuwa Mfipa mrefu, mtu wa maneno machache, mwenye koti la sufu ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa mweusi kwa wino wa miaka. Aliutazama ukurasa wangu kwa muda.

"Binti Tukuyu," akasema. Nilitoka Tukuyu, na mpaka naondoka hakuwahi kuniita kwa jina langu, Tusa, isipokuwa mara moja. "Kwenu mnapiga ngoma?"

"Tunapiga, mzee."

"Hapa hatupigi. O inabembelezwa."

Akaniketisha, akaniwekea kidole changu juu ya kitufe, akakiinua kidogo. Herufi nyingine zote nguvu moja, o nusu ya nguvu, nukta robo. Mpaka leo nikiandika barua kwa kalamu, mkono wangu unalegea nikifika kwenye o. Mume wangu wa zamani alikuwa anasema naandika kama mtu anayechechemea.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, vijiji vinahamishwa, shule zinafunguliwa huku kuta zake hazijakauka, na kila shule inataka vitabu. Vitabu vilitoka mbali na mara nyingi havikufika. Kwa hiyo sisi watu wawili, na taipureta moja, na mashine moja ya kuzungusha kwa mkono, tulikuwa ndio kiwanda cha vitabu cha mkoa. Mzee Katepa alifika asubuhi na kuiamkia mashine kabla hajaniitikia mimi. Mimi nasema "Shikamoo mzee," yeye anaipapasa mashine ubavuni, anauliza, "Umeamkaje?" kisha ndipo anageuka, "Marahaba, binti Tukuyu." Mwanzoni nilidhani ananidharau. Baadaye nikagundua kwamba kweli alikuwa anaisikiliza. Wino wa kudurufu huganda kwa baridi ya Ufipa, na mwezi wa sita, ukiizungusha mashine kabla haijapata joto, unachana stensili ya siku nzima kwa dakika moja. Kwa kuipapasa tu alijua ingoje kiasi gani.

Nisisahau habari ya karatasi. Karatasi ni mnyama. Masika inakunywa unyevu wa hewani mpaka inavimba, halafu zinaingia mashineni mbili mbili kama watoto wa shule wanaoogopa. Mzee Katepa alinifundisha kuipima kwa mdomo wa juu, hapa chini ya pua, ndipo ngozi inapojua ubichi. Ukisikia ubaridi, ipepee kwanza. Na siku za ukungu alileta blanketi kutoka kwake, akalifunika bunda la karatasi, akaondoka jioni bila blanketi.

"Mama nyumbani hasemi kitu?" nikamuuliza.

"Anauliza blanketi linalala kwa nani."

"Unamjibuje?"

"Namwambia kwa mwembamba mmoja, mweupe, hapendi baridi."

Siku moja mkewe alikuja mwenyewe kumwona huyo mwembamba. Alipofunuliwa bunda la karatasi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo alituletea viazi vya kuchemsha kila Ijumaa.

Sasa kitabu.

Mkaguzi wa vitabu alikuja mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mtu wa Tanga, msafi, mwenye adabu, na hakupenda kukaa kwenye viti vyetu kwa sababu ya wino. Alisema mkoa mwingine unaiomba mashine yetu. Wao wana umeme wa uhakika na shule nyingi zaidi. "Mimi nimewatetea," akasema, "lakini nahitaji kitu cha kuonyesha. Toeni kitabu kimoja cha picha, cha watoto wa darasa la tatu, juu ya mvua inatoka wapi na maji yanakwenda wapi. Nikikiona kinafanya kazi darasani, mashine inabaki. Kisipofanya, itapakiwa."

Mzee Katepa aliiwekea mashine mkono ubavuni. Alikuwa ameizungusha tangu ilipofunguliwa sandukuni, na nje ya karakana ile hakuwa na kazi nyingine zaidi ya jembe.

Mkaguzi alituachia mfano wa picha. Ulikuwa mzuri: bahari, minazi, jua, mishale ya mvuke ikipanda, wingu, mvua, mto ukirudi baharini.

"Ndugu Mkaguzi," Mzee Katepa akasema, "minazi hii mtoto wa kijiji kama Msanzi ataiona wapi?"

"Atafikiri, mzee."

"Afikiri nini, naye ana maziwa mawili?"

Na kweli. Ufipa imekaa juu, maziwa mawili yakiwa chini yake, kama mtu aliyepanda ukuta na kuning'iniza mguu huku na huku. Magharibi, Ziwa Tanganyika, refu, lenye kina. Mashariki, bondeni, Ziwa Rukwa. Mawingu hayana haja ya kutoka baharini kwa watu wengine. Mzee Katepa akachora mwenyewe, siku tatu, kwa penseli, kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Kushoto akaweka Tanganyika na meli yenye bomba la moshi, na wavuvi wa dagaa. Kulia Rukwa, na ndege mwari wenye mfuko mdomoni. Katikati uwanda wetu, na juu yake yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze, na mwanamke anapalilia ulezi huku mvua inamnyeshea mgongoni. Mishale ikapanda kutoka maziwa yote mawili. Nimeona picha nyingi baada ya ile, Tabora nimefanya kazi na wachoraji wenye vyeti. Sijaona mvua iliyochorwa na mtu aliyenyeshewa kama ile.

Maneno niliandika mimi. Kitabu tulikiita Tone Lililotoka Ziwani, na mnaweza kuhesabu o zilizomo humo. Sentensi yangu niliyojivunia ilisema, "Jua likiwaka, maji hugeuka mvuke, hupanda mpaka mbinguni." Mzee Katepa, ambaye alikuwa anaongoza sala kigangoni kwao, aliweka kidole pale.

"Yamekufa lini?"

"Nini, mzee?"

"Maji. Maana mbinguni naambiwa ni mpaka ufe."

Nikafuta kwa ile dawa nyekundu ya kufutia, yenye harufu ya rangi ya kucha, nikapiga "angani". Ingebaki mbinguni, mapadre na walimu wangebishana mpaka kiangazi.

Picha ya katikati ilibidi niihamishie kwenye stensili mimi, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka. Kazi hiyo inafanywa dirishani. Unabandika mchoro kwenye kioo, unaweka stensili juu yake, mwanga wa nje unapenya, nawe unafuatisha mistari kwa kalamu ya chuma bila kuichana nta. Nilifanya kwa siku mbili. Nilikuwa nimeshika pumzi karibu muda wote. Meli, mwari, matuta, kila jani la ulezi. Nilipomaliza hakukuwa na mchano hata mmoja uliozidi.

Mkaguzi alikuja kuona nakala ya kwanza. "Safi," akasema. "Safi sana." Mzee Katepa aliitazama kwa mbali, akaitikia kwa kichwa, akasema mkono wangu sasa umekuwa mkono. Kwa kauli hiyo nilikwenda nyumbani nikatembea barabara ndefu ili watu wanione. Tukachapa nakala mia nne, tukamaliza karatasi yote iliyokuwemo, mabunda mengine yasingefika mpaka barabara ikauke. Tukashona vitabu kwa uzi, vikaenda mashuleni, na Mkaguzi akasema Alhamisi ya wiki inayofuata atakwenda Msanzi kukaa darasani na kuona. Sisi wawili twende naye.

Jumatatu ya wiki hiyo ikaja barua. Mimi ndiye niliyepokea.

"Ndugu Mchapaji," iliandika, "hongera kwa kitabu. Watoto wanakipenda sana. Lakini ukurasa wa maneno unasema mtoto asimame akitazama kaskazini, na Ziwa Tanganyika litakuwa kushoto kwake. Tulitoka nje tukafanya hivyo. Mwanafunzi wangu Skolastika akauliza mbona kwenye picha meli iko kulia. Wachapaji wa Sumbawanga wamelihamisha ziwa lini? Naomba jibu kwa sababu nami sijui nimwambie nini. Mwalimu Felista, Msanzi."

Nilikichukua kitabu. Meli ilikuwa kulia. Mwari walikuwa kushoto. Karatasi ile nyembamba, ndugu zangu, inaonyesha sawasawa pande zote mbili, nami niliibandika dirishani mgongo ukiwa kwangu. Kila jani la ulezi lilikuwa mahali pake, ila dunia yote ilikuwa kinyume. Mkaguzi hakuona kwa sababu ni mtu wa Tanga. Mimi sikuona kwa sababu ni mtu wa Tukuyu, Ziwa Tanganyika nilikuwa sijalitia hata kidole. Na mzee, ambaye angeona, aliangalia kwa mbali kwa sababu ya macho, na kwa sababu aliniamini.

Nawaambia ukweli, niliificha barua ile. Niliitia chini ya sanduku la stensili, nikapiga kazi nyingine siku nzima, na o zote za siku hiyo zilitoka nyeusi. Kesho yake asubuhi mzee alipoipapasa mashine na kuuliza imeamkaje, sikuweza tena. Nikampa barua. Akaisogeza mbali na uso, akaisoma polepole akitembeza midomo.

Kisha akaikunja. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Mashine itaondoka kwa sababu yangu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Serikali nzima," akasema, "na malori yake, imehamisha vijiji tu. Binti Tukuyu kwa kalamu moja amehamisha Ziwa Tanganyika!" Akacheka mpaka akavua kofia. "Na wavuvi ndani yake! Umewauliza kama wanataka kuhama?"

"Mzee, mimi siwezi kucheka."

"Basi pumzika, nicheke kwa niaba yako."

Alipomaliza akawa mtu mwingine. Akachukua kitabu, akaenda dirishani, akasema nimwonyeshe hasa nilivyofanya. Nikamwonyesha. Akaubandika ukurasa kwenye kioo, picha ikitazama nje, akarudi nyuma hatua mbili. Sisi kurasa za picha tulichapa upande mmoja tu, kwa sababu wino mwingi hupenya nyuma, kwa hiyo mgongo wa picha ulikuwa mtupu. Mwanga wa asubuhi ukapita kwenye karatasi.

"Meli iko wapi?" akauliza.

Nikatazama. "Kushoto."

"Tusa," akasema. Hiyo ndiyo mara moja niliyowaambia. "Ziwa halijapotea. Limetupa mgongo tu."

Karatasi mpya hatukuwa nayo. Tulikuwa na nakala zilizoharibika, na migongo yake ilikuwa mitupu. Nikakata stensili ya sentensi moja, nikairudia mara ishirini kwenye ukurasa, tukaichapa kwenye migongo ile, tukakata vipande kwa mkasi, tukapika uji mzito wa unga wa kugundishia. Sentensi ilisema: "Inua ukurasa wa picha, uuelekeze kwenye mwanga, uutazame kwa nyuma." Isomeni tena polepole. Haina o hata moja. Haikuwa bahati. Ndiyo sentensi ninayojivunia kuliko zote nilizoandika maishani.

Alhamisi tulikwenda na mfuko wa vipande na kopo la uji. Ndani ya Land Rover mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka tufike, lakini mzee alikuwa na njia zake.

"Ndugu Mkaguzi, kabla hatujafika, kuna jambo. Katika kile kitabu tumehamisha Ziwa Tanganyika."

Mkaguzi akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Mmefanya nini?"

Mzee akamweleza, akasema "tumekosea" kila mahali ambapo ningesema "nimekosea". Mkaguzi alifungua kitabu, akakitazama, akageuza kichwa upande, akafunga macho kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka nyumba yake ina milango mingapi.

"Na mimi nikasema safi," akasema. Kisha akakifunga kitabu: "Mzee Katepa, nakuheshimu. Lakini kama watoto wamechanganyikiwa, sitaweza kuandika vingine. Mashine itaondoka."

"Haki yako," mzee akasema. Akatazama nje ya dirisha safari yote iliyobaki. Mkono wake ulikuwa juu ya goti lake, na niliona vidole vinakwenda polepole, vinazungusha.

Mwalimu Felista alikuwa msichana wa umri wangu, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika shamba la tatu. Tulibandika vipande vyetu, kisha akawatoa watoto nje, kama arobaini, kitabu kimoja kwa wawili. Mbingu zilikuwa nusu nyeupe, nusu nyeusi.

"Kaskazini wapi?"

Mikono yote ikanyooka.

"Ziwa lenye meli liko wapi?"

Mikono yote kushoto, bila kufikiri, kama mtu anavyojua mlango wa kwao.

"Kwenye kitabu?"

"Kuliaaa!" Wakacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Someni maandishi mapya."

Wakasoma kwa pamoja, wakainua vitabu juu ya vichwa vyao kuelekea pale penye weupe, wakatazama kwa nyuma. Halafu ikatoka sauti moja ndefu, "Aaaa!" na mtu akapiga kelele, "Limerudi!" Wengine wakawa wanageuza huku na huku, mbele na nyuma, limehama, limerudi, limehama, limerudi. Mmoja akafuata mishale kwa kidole kutoka Tanganyika kuja juu mpaka lilipokuwa wingu, kisha akainua kidole kutoka kwenye karatasi akakielekeza kwenye wingu lenyewe lililokuwa linakuja kutoka upande uleule. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Skolastika alikuwa msichana mdogo mwenye koti la kaka yake. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini linaonekana sawa kwa nyuma?"

"Muulize aliyekichapa. Yule pale."

Macho themanini yakanigeukia. Nikawaambia yote, dirisha, karatasi nyembamba, mgongo. "Nilikosea," nikasema.

Wakanitazama kwa heshima kubwa. Kisha kutoka nyuma ikaja sauti ndogo, yenye huruma kabisa:

"Na wewe ulichapwa?"

Mkaguzi ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kitabu, akashindwa. Mzee Katepa akasema, "Hapana, mwanangu, kwetu yeye ndiye anayechapa," na Mwalimu Felista akalazimika kugeuka akatazama ukuta.

Ndipo lile wingu likafika. Halikutupa nafasi. Matone makubwa ya kwanza yalipiga vumbi, kisha ikaja yote kwa pamoja, na watoto arobaini wakakimbilia darasani na vitabu vyetu vichwani, vifuani, chini ya makoti. Nilikimbia nikihesabu hasara. Karatasi ya mwisho ya mkoa ilikuwa inanyeshewa.

Ndani, maji yakidondoka kutoka kwenye nywele za kila mtu, nikashika kitabu cha kwanza nilichokikuta. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Wino haukutoka. Wino wa kudurufu una mafuta, maji hayauwezi, na kila jani la ulezi lilikuwa pale. Nilikuwa bado nashangilia hilo moyoni niliposikia Skolastika anaita.

"Mwalimu! Njoo uone!"

Alikuwa ameulaza ukurasa wa picha juu ya dawati, picha chini, mgongo juu, akaulainisha kwa kiganja. Karatasi iliyolowa ilikuwa imekuwa kama kioo cha dirisha. Bila kuinua, bila jua, meli ilionekana wazi, kushoto, mahali pake.

Mkaguzi aliinama juu ya dawati, maji yakimtiririka kwenye kola. Hakujali. "Na ikikauka?" akamuuliza.

"Litahama tena," Skolastika akasema. "Halafu mvua ikinyesha, litarudi."

Mkaguzi akatoa daftari lake, akaandika mistari mingi kuliko ile niliyotegemea. Njiani kurudi hakutusomea. Alisema tu, Land Rover ikiteleza kwenye tope, "Mzee, karatasi ikifika mwezi wa tano, mchape nakala nyingine mia nane."

"Tutasahihisha picha," mzee akasema.

"Hapana. Chapeni vilevile."

"Na kosa lake?"

"Na kosa lake."

Kwa hiyo mwezi wa tano, stensili ya zamani ikiwa imekwisha kuchakaa, nilisimama tena dirishani na mchoro uleule. Mashine ilikuwa mahali pake nyuma yangu, ikipashwa joto. Nikaibandika karatasi nyembamba kwenye kioo, mgongo ukiwa kwangu, kwa makusudi safari hii, nikashika kalamu ya chuma. Mzee Katepa alikuja akasimama begani.

"Una hakika ni kinyume?"

"Nina hakika, mzee."

"Meli kulia?"

"Kulia, mzee."

Akainama, akaitazama kwa karibu kabisa, pua yake karibu iguse kioo.

"Hakikisha tena," akasema. "Tusije tukapatia."